Umalaika na Mzimu wa Katabi

Jina la Katavi, ambalo mwaka 1974 lilipewa hifadhi ya taifa na mwaka 2012 mkoa uliomegwa kutoka Rukwa, hunasibishwa na Katabi. Yeye, kwa masimulizi ya wenyeji, alikuwa mwindaji, na roho yake hukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, ambapo watu huweka sadaka kuomba baraka. Je, mfasiri wa habari hiyo amwite Katabi malaika?

Yafaa kwanza kutazama asili ya neno. Katika Kiarabu, umbo tulilolipokea ni la wingi. Mmoja huitwa malak. Kiswahili kimelitumia umbo hilo kwa umoja na wingi: malaika amekuja, malaika wamekuja. Wafasiri wa Biblia hawakubuni neno jingine. Hata Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Mapadri Weupe waliingia mwaka 1885 katika boma lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879, neno la kanisani ni lile lile la msikitini.

Kwa kiambishi u- twapata umalaika, yaani hali ya kuwa malaika, kama tupatavyo uungu na unabii. Katika mafundisho ya dini zote mbili, hali hiyo ni ya kuumbwa nayo. Binadamu haifikii kwa kufa. Katabi alikuwa mtu kwanza. Kwa hiyo neno limfaalo ni mzimu, ambalo tangu zamani lina maana ya roho ya mtu aliyekufa. Kumwita malaika ni kumvua ubinadamu wake, na kuwanyima wenyeji undugu naye.

Mama amwitapo mwanawe malaika, hiyo ni sitiari, wala haina kosa. Lakini katika maandishi ya serikali, badala ya "umalaika wa mtoto" ni bora kuandika "kutokuwa na hatia".

Walimu nao wasisahau laika, unywele mwembamba wa mwilini, ambao wingi wake pia ni malaika. Hapo upatanisho ndio mwamuzi: malaika amesimama ni kiumbe wa mbinguni; malaika yamesimama ni vinyweleo vya mtu aliyeshikwa na baridi au hofu.

Basi mfasiri aandikaye habari za mkwaju ule na aandike mzimu bila kuona haya. Neno hilo si tusi. Ni jina halisi la jambo lenyewe.