Barabara Iliyokata Kibra

Jumatatu, tarehe 23 Julai 2018. Kabla jua halijachomoza, tingatinga ziliingia Kibera zikilindwa na polisi. Kufikia jioni nyumba, makanisa na shule kadhaa zilikuwa vifusi, na watu wanaokadiriwa kufika 30,000 hawakuwa na pa kulala. Kilichotakiwa ni nafasi ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Siku chache tu kabla, maafisa walikuwa wameanza kuandikisha wakaaji ili wapangiwe pa kwenda. Kuna waliobomolewa kabla hata ya uandikishaji huo kukamilika.

Kwa nini mstari upite hapo? Jibu liko nyuma, enzi za mkoloni. Wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles walipewa msitu ule wakae, nao wakauita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Walipewa pa kukaa lakini si pa kumiliki. Serikali zikabadilika, wao wakabaki kuitwa maskwota, na jamii haikupata hati mpaka 2017, tena ya ekari 288 tu kati ya zaidi ya 4,000 za mwanzo. Wapangaji waliojazana humo baadaye hata hiyo hawakuwa nayo. Mwenye kuchora ramani akiona mahali hapana hati, kwake hapo ni wazi. Rula inapita tu.

Kawangware ni hadithi nyingine. Dagoretti ilikuwa ardhi ya Wakikuyu, iliyoingizwa Nairobi wakati wa uhuru, na ploti nyingi zina wenyewe wenye makaratasi. Huko barabara ikipanuliwa, mwenye ploti ana wa kumdai. Mpangaji wa chumba cha mabati na mama mboga wa Naivasha Road hawana. Yaani hati inamlinda landlord, haimlindi anayelala ndani ya nyumba. Hilo halisemwi sana tukiongea juu ya fidia.

Lakini tusidanganyane, barabara ilihitajika. Nyumba ikishika moto Kibera, gari la zimamoto lingepita wapi? Mama mwenye uchungu usiku wa manane alibebwa kwa mkokoteni mpaka kwenye lami. Wasee waliotaka barabara hawakuwa wasaliti wa mtaa, na mimi nakaa upande wao, ila sikubali kwamba njia pekee ya kuipata ilikuwa kuvunja darasa wakati wa muhula.

Halafu kuna swali la usalama. Nairobi wengi wetu hutembea, si kwa kupenda mazoezi, ni nauli. Na kwenye barabara zetu anayekufa zaidi ni anayetembea. Mwaka 2015 Kaunti ilitoa sera ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembeao na waendesha baiskeli. Sera nzuri kabisa kwenye karatasi. Ila lami laini bila matuta ni mwaliko kwa matatu, na mtaa ambao jana ulikuwa wa vichochoro na reli haujui kuogopa kasi. Mtoto aliyezoea kuvuka reli anasikiliza honi ya treni kutoka mbali. Nduthi haimpi muda huo.

Ukiwauliza watu wa mtaa wanataka nini, wataanza na matuta. Dereva wa matatu atakwambia yanavunja springi. Mama mboga anataka njia ya miguu iwe pana, kisha anaweka meza juu yake, na wapita njia wanashuka kwenye lami. Askari wa kaunti anakuja kumwondoa kwa jina la usalama, na si uongo, meza yake kweli inasukuma watu barabarani. Tena Kawangware 46 saa kumi na mbili jioni, wateja wake ni hao hao wanaosukumwa. Wanashuka matatu, wananunua sukuma ya kumi wakiwa wamesimama kwenye lami, huku makanga wa nyuma akigonga bodi wasonge.