Kioo kilitangulia, programu zikachelewa

Julai 2011 Apple ilitoa mfumo endeshi wa Lion kwa kompyuta zake za Mac. Waandaaji wa programu waliouchokonoa walikuta ndani yake mpangilio ambao hakuna kompyuta mpakato ya kampuni hiyo iliyoweza kuufaidi: kila kitu kwenye skrini, kuanzia herufi hadi vitufe, kingechorwa kwa pikseli maradufu, kwa upana na kwa urefu. Tetesi zikaenea. Mfumo hauandaliwi kwa skrini isiyokuwepo, watu walisema. Basi skrini hiyo iko njiani. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Safari hii lilikuja baada ya miezi 11.

Juni 11, 2012, jijini San Francisco, Phil Schiller wa Apple alitambulisha MacBook Pro yenye skrini ya inchi 15.4 na pikseli 2,880 kwa 1,800, jumla zaidi ya milioni tano. Skrini ya kawaida ya laptopu hiyo hapo awali ilikuwa na pikseli 1,440 kwa 900. Palipokuwa na pikseli moja sasa palikaa nne, na herufi zilizokuwa na kingo za vidatovidato zikawa laini kama za kitabu kilichochapwa vizuri.

Wengi waliamini kwamba teknolojia ya skrini hizo ilizaliwa siku hiyo. La hasha. Mwaka 2001 IBM ilikuwa imeshatoa skrini ya mezani iitwayo T220, ya inchi 22.2, yenye pikseli 3,840 kwa 2,400. Hizo ni zaidi ya pikseli 200 katika kila inchi moja. Bei yake ilikuwa maelfu ya dola, nje ya uwezo wa mtumiaji wa kawaida. Hata upande wa laptopu, IBM hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliuza ThinkPad R50p ambayo mnunuzi aliweza kuichagua ikiwa na skrini ya inchi 15 yenye pikseli 2,048 kwa 1,536, yaani takriban 170 kwa inchi.

Kwa nini basi hazikuenea? Sababu kubwa ilikuwa kwenye programu. Macintosh ya kwanza, ya mwaka 1984, ilikuwa na pikseli 72 kwa inchi, na Windows ikazoea kukadiria 96. Waandaaji wakajenga programu zao juu ya makadirio hayo. Aliyetaka kitufe cha ukubwa fulani aliandika idadi ya pikseli, basi. Programu hiyo ilipofunguliwa kwenye skrini yenye pikseli 170 kwa inchi, kitufe kilisinyaa na maandishi yakawa madogo mno. Mtu alilipa zaidi ili asome kwa taabu zaidi.

Apple yenyewe ilihangaika na jambo hili tangu mfumo wa Tiger wa mwaka 2005, ikijaribu kuruhusu vitu vikuzwe kwa kiwango chochote. Tatizo ni kwamba mstari wenye unene wa pikseli moja ukikuzwa mara moja na robo, hauna mahali pa kukaa sawasawa, kwa sababu hakuna robo ya pikseli. Hufifia, au huwa mnene kupita kiasi.

Wakati programu zinasuasua, soko lilirudi nyuma. Kuanzia takriban mwaka 2008 watengenezaji walihamia skrini pana zenye umbo la televisheni, na pikseli 1,366 kwa 768 zikawa kawaida ya laptopu za bei nafuu. Kwenye skrini ya inchi 15.6, hiyo ni kama pikseli 100 tu kwa inchi. Mnunuzi wa kawaida alipata skrini hafifu kuliko ile ya ThinkPad ya miaka kadhaa nyuma.

Mkwamo huo ulikwamuliwa na simu. iPhone 4 ya mwaka 2010 iliruka kutoka pikseli 480 kwa 320 hadi 960 kwa 640, maradufu kamili, bila robo wala nusu. Programu za zamani ziliendelea kufanya kazi, kila pikseli yao ikichorwa kwa nne. iPad ikafuata Machi 2012. Mpangilio uliogunduliwa ndani ya Lion ulikuwa hesabu hiyo hiyo, sasa kwa laptopu.

Gharama ya pikseli hizo nyingi ililipwa kwa umeme. Pikseli zikiwa ndogo, nyaya na transista zake huziba sehemu kubwa zaidi ya njia ya mwanga, hivyo taa ya nyuma hulazimika kuwaka kwa nguvu zaidi. Betri ya iPad ilipanda kutoka saa-wati 25 hadi 42.5, ya MacBook Pro ya inchi 15, kutoka 77.5 hadi 95. Ndiyo maana tetesi kwamba MacBook Air nyembamba ingepata skrini kama hiyo zilirudiwa mwaka baada ya mwaka, na skrini hiyo ikaifikia mwaka 2018 tu. Windows nayo ilisubiri toleo la 8.1, mwaka 2013, ndipo ikaweza kukuza vitu kwa kiwango tofauti kwa kila skrini iliyounganishwa.

Leo tetesi za skrini mpya bado hutangaza idadi ya pikseli kwanza. Lakini jicho lenye afya, likiwa umbali wa sentimita 50 hivi kutoka kwenye laptopu, halitofautishi kwa urahisi pikseli zinazozidi takriban 170 kwa inchi. Kuzidisha sana hapo ni kula betri bure. Wanaosoma na kuandika kutwa nzima wanastahili herufi safi, na historia hii inawapa maswali ya kumuuliza muuzaji: programu ninazotumia zinaendana na skrini hii? Na betri itadumu saa ngapi?