Bustani Iliyoota Machimboni: Historia ya Bamburi na Mashimo ya Singida

Gari likitoka Singida mjini kuelekea Nzega hufika mahali ambapo dereva hupunguza mwendo bila kuambiwa. Ni Mlima Sekenke, wilayani Iramba. Huko, upande wa Shelui, Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu hiyo ndiyo iliyotumika mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto, kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo katika karakana ya reli ya Tabora. Zilitoka sarafu zaidi ya 16,000. Leo wakusanyaji wa sarafu wanazigombea minadani Ulaya na Marekani. Iramba ilibakiwa na mashimo.

Zaidi ya karne moja baadaye, Machi 2023, mgodi mpya wa kampuni ya Shanta ulianza kutoa dhahabu Mang'onyi, wilayani Ikungi. Mkoa una haki ya kuufurahia: kuna ajira, kuna ushuru, kuna biashara kwa mama lishe na kwa wenye malori. Lakini kila mgodi una siku yake ya mwisho, na siku hiyo ikifika swali huwa lile lile: shimo hili ni la nani, na watoto wa hapa watalifanyia nini? Pwani ya Afrika Mashariki kuna mahali palipopewa jibu lisilo la kawaida. Wanafunzi wanakwenda hapo kwa mabasi, maharusi wanapiga picha, baba na mama wanawapeleka watoto kulisha twiga kwa mkono. Mahali hapo ni Haller Park, Bamburi, kaskazini ya Mombasa, na historia yake inastahili kusomwa Singida kuliko mahali pengine popote.

Kampuni ya saruji ya Bamburi iliasisiwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na tanuru la kwanza likawashwa mwaka 1954. Malighafi ilikuwa mlangoni: matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe ya chokaa, yametandazwa kando ya bahari. Yalichimbwa kwa miaka karibu ishirini. Palipokuwa na kichaka pakabaki sakafu nyeupe ya mwamba isiyo na udongo, joto kali linaloakisiwa na mawe, na maji ya chumvichumvi karibu kabisa na uso wa ardhi kwa sababu wachimbaji waliishia juu kidogo tu ya usawa wa maji hayo. Hakuna aliyewalazimisha wenye kiwanda kuparudisha katika hali ya awali.

Hata hivyo walijaribu, na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa tayari kwenye orodha ya mishahara. René Haller, bwana shamba kutoka Uswisi, alikuwa amewahi kusimamia shamba la kahawa huku Tanganyika kabla ya kuajiriwa Bamburi mwaka 1959. Kazi yake kiwandani haikuhusiana na burudani hata kidogo: alitakiwa kulima mboga na matunda kwa ajili ya wafanyakazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaombwa aone kama machimbo yaliyoachwa yanaweza kuoteshwa chochote.

Alipanda aina 26 za miti katika mashimo yaliyotobolewa kwenye mwamba. Zilizonusurika ni aina tatu, na kati ya hizo mvinje ndio uliotamba. Watu wa pwani wanaujua mti huu kwa nguzo zake. Unavumilia chumvi, na mizizi yake inashirikiana na vijidudu vinavyovuta naitrojeni kutoka hewani, hivyo unajilisha mahali pasipo na rutuba. Lakini ukaleta shida mpya. Majani yake membamba kama sindano yalianguka na kurundikana chini bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Haller akagundua kwamba jongoo wa pwani wenye miguu myekundu wanayala majani hayo. Akawakusanya kwa wingi na kuwaachia msituni. Jongoo wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mboji ya kwanza ya Bamburi.

Nakaa kidogo kwenye habari ya jongoo kwa makusudi. Uwekezaji tunauzoea kama fedha: hundi kubwa, mkataba, mgeni rasmi akikata utepe. Bamburi fedha zilikuwepo, kwa sababu kiwanda kilikuwa na faida, lakini fedha zisingeligundua jongoo. Aliyemgundua ni meneja aliyekuwa akizunguka msituni kila siku na aliyeruhusiwa na waajiri wake kushindwa mara nyingi kabla ya kufanikiwa. Aina 23 za miti kati ya 26 zilishindwa na hakufukuzwa kazi. Uvumilivu wa namna hiyo ndiyo sehemu ya uwekezaji isiyoandikwa kwenye hesabu za kampuni, na ndiyo iliyozaa bustani.

Udongo ulipopatikana, vingine vikafuata kwa mpangilio. Mabwawa ya samaki, perege hasa. Mamba. Kisha wanyama wakubwa, wakiwemo pofu, choroa na viboko, kadhaa wao wakiwa yatima walioletwa kulelewa. Shughuli zote zikawekwa chini ya kampuni tanzu iliyoitwa Baobab Farm, yenye vitabu vyake vya hesabu, na Haller alishikilia kwamba msitu ujilipie: samaki wauzwe, mbao na nguzo za mvinje ziuzwe, mazao ya mamba yauzwe. Mwaka 1984 njia ya kutembelea ilifunguliwa kwa umma, na kiingilio kikawa pato jingine. Mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtunuku Haller tuzo ya Global 500. Baadaye bustani yenyewe ikapewa jina lake.

Tazama mpangilio huo vizuri: kwanza udongo, halafu chakula, halafu wanyama, na mwisho kabisa mlango wa tiketi. Zilipita zaidi ya miaka kumi kati ya mti wa kwanza na mgeni wa kwanza aliyelipa. Miradi mingi ya burudani katika eneo letu huanza kwa kinyume. Hununuliwa mabembea na treni ya watoto kutoka ng'ambo, huwekwa kwenye uwanja usio na kivuli, hufunguliwa sikukuu ya Idi au Krismasi kwa shangwe, kisha mashine ya kwanza inapoharibika hakuna fundi, hakuna vipuri, na hakuna fungu la matengenezo. Baada ya miaka michache hubaki vyuma vyenye kutu.

Wenzetu wa makumbusho wanaijua vyema adha ya matengenezo. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kinaonyesha nyumba za jadi za makabila ya Tanzania, ikiwemo tembe, nyumba ya paa la udongo ambayo Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida wanaifahamu kama Wagogo wanavyoifahamu. Nyumba za aina hiyo hazijengwi mara moja. Mvua ikinyesha paa linataka kukandikwa upya, mchwa wakiingia nguzo inataka kubadilishwa, na bila fundi anayejua kazi nyumba inaanguka. Forodhani, Zanzibar, iliyopambwa kuwa bustani katika miaka ya 1930, ilichakaa kwa muda mrefu hadi Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoikarabati na kuifungua upya Julai 2009. Ni kazi nzuri, na familia za Unguja zinaifaidi kila jioni. Hata hivyo ukarabati mkubwa kwa kawaida ni gharama ya matunzo madogo yaliyoachwa kwa miongo.

Ulaya, ambako biashara ya bustani za burudani ina umri mkubwa, kuna mfano wa matunzo yaliyodumu. Bustani ya Tivoli, Copenhagen, ilifunguliwa mwaka 1843, na mwanzilishi wake Georg Carstensen hakukaa nayo muda mrefu. Ipo hadi leo, kwa sababu waliobaki walikuwa na utaratibu wa kuirithi.

Kurithi ndiko kulikoijaribu Bamburi zaidi. Kiwanda kilibadilisha mikono mara kadhaa. Lafarge ya Ufaransa iliinunua Cementia, kampuni iliyokuwa na mkono wa Mandl, mwaka 1989, na mwaka 2001 ikainunua Blue Circle ya Uingereza, mbia mwingine. Baobab Farm ikaja kuitwa Lafarge Eco Systems. Mwaka 2015 Lafarge ikaungana na Holcim ya Uswisi. Kila mara wenye makao makuu ya mbali walipobadilika, bustani ingeweza kuonekana kama gharama isiyo na maana: kampuni ya saruji inafuga viboko kwa nini? Haikufutwa. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba ilikuwa na wafanyakazi wake, hesabu zake na wateja wake, kwa hiyo mwenye mali mpya alikuta kitu kinachotembea, siyo hobi ya mtu mmoja.

Sababu nyingine iliogelea yenyewe hadi mlangoni. Desemba 2004, siku za tsunami, kiboko mchanga aliyepoteza mama yake alinaswa kwenye miamba ya bahari karibu na Malindi. Wavuvi na wakazi walimwokoa, akaletwa Haller Park, akamkimbilia kobe mkubwa mzee wa aina ya Aldabra na kulala ubavuni mwake. Owen na Mzee wakawa maarufu duniani. Paula Kahumbu, Mkenya aliyekuwa akiongoza Lafarge Eco Systems wakati huo, alishirikiana kuandika kitabu cha watoto kuhusu urafiki wao, kilichotoka mwaka 2006. Bahati? Ndiyo, kwa sehemu. Lakini kiboko yule aliletwa hapo kwa sababu palikuwa na bwawa, walezi wazoefu na meneja aliyejua kuisimulia habari. Bila miaka thelathini ya kazi kabla yake, pangekuwa na kiboko yatima asiye na pa kupelekwa.

Sisemi kwamba bustani inakifutia kiwanda cha saruji madeni yake yote. Vumbi, moshi na hewa ya ukaa ni mambo yanayobaki mezani, na maswali ya ardhi ya pwani ya Kenya ni mazito kuliko bustani yoyote. Nasema tu kwamba katika eneo moja lililokuwa limeharibiwa kabisa, watu walifanya kazi kwa uaminifu kwa nusu karne na matokeo yanaonekana kwa macho.

Na sasa habari hii imeingia nyumbani kwetu. Julai 2024 kampuni ya Kitanzania ya Amsons ilitoa ofa ya kununua Bamburi Cement kwa shilingi 65 za Kenya kwa hisa, na kufikia Desemba mwaka huo ilikuwa imeshika zaidi ya asilimia 96 ya hisa zote. Kwa mara ya kwanza, kampuni iliyoanzisha Haller Park iko mikononi mwa mwekezaji wa Afrika Mashariki. Najivunia jambo hilo, na kwa sababu najivunia, natamani sana lisimamiwe vizuri. Wenye kiwanda wa kwanza walivumilia aina 23 za miti zilizokufa. Sisi tukishindwa kuvumilia bili ya chakula cha viboko tutakuwa tumejionyesha vibaya.

Nirudi Singida. Somo la Bamburi halihamishiki kama lilivyo. Mvinje ni mti wa pwani. Singida ni nchi kavu yenye mvua chache, na miti yake ni migunga, mibuyu na vile vichaka vya Itigi ambavyo wataalamu wa mimea wanavitambua kama mazingira adimu. Zaidi ya hayo, shimo la dhahabu ni hatari kuliko shimo la chokaa. Dhahabu huchenjuliwa kwa sianidi, na bwawa la topesumu si mahali pa kumpeleka mtoto, leo wala baada ya miaka hamsini. Maduara ya wachimbaji wadogo yana hatari zake, na marudio ya zamani, yaani mabaki ya uchenjuaji, mara nyingi yana zebaki. Sehemu hizo zifukiwe, zizungushiwe uzio na zipimwe. Lakini eneo la mgodi ni pana kuliko bwawa lake: kuna vifusi vya mawe, barabara, majengo, mabwawa ya maji safi. Huko ndiko kwa kufanyia kazi. Jirani zetu wa Nzega wana mfano wa kutufikirisha kuhusu kinachobaki mgodi ukifungwa: mgodi wa Golden Pride, wa kwanza mkubwa wa dhahabu katika zama hizi nchini, ulioanza mwishoni mwa 1998 na kufungwa takriban miaka 15 baadaye.

Singida ina kitu kingine ambacho Bamburi haikuwa nacho. Mjini kuna maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai, yenye flamingo na ndege wengine wa maji, na pembeni yake majabali ya itale yaliyobebana kwa namna inayomfanya mgeni asimamishe gari. Familia zinapumzika kando ya maziwa hayo bila tiketi wala mpango wa mtu yeyote. Ni bustani ambayo asili imeshalipia mtaji, na kinachokosekana ni usimamizi: vyoo, kivuli, mtu wa kuokota taka, mtu wa kuzuia uchafu usiingie ziwani, na leja inayoonyesha kila shilingi ya kiingilio imerudi wapi.

Sheria ya Madini ya 2010 inamtaka mwenye mgodi aandae mpango wa kufunga na kurekebisha eneo. Kwa hiyo ombi langu kwa uongozi wa mkoa, kwa halmashauri ya Ikungi na kwa wenye mgodi wa Mang'onyi ni dogo na lina muda maalumu: msisubiri mwaka wa mwisho. Tengeni sasa hekta chache za vifusi, pandeni aina 26 za miti ya Singida, mpeni bwana shamba mmoja mshahara wa miaka kumi na ruhusa ya kushindwa, na kila mwaka mchapishe ni miti mingapi iliyosimama.