Miavuli ya Zege: Nusu Karne ya Jengo la Soko la Kariakoo

Leo ukitaja Kariakoo, wengi hufikiria vitenge, simu na maduka ya jumla yanayowavuta wanunuzi hadi kutoka Zambia, Kongo na Komoro. Lakini biashara yote hiyo ilikua pembeni mwa soko la chakula. Jengo kuu la soko hilo, lililofunguliwa na Rais Julius Nyerere mwaka 1975, limetimiza nusu karne.

Soko lenyewe ni kongwe kuliko jengo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, walilitumia banda kubwa lililoachwa na Wajerumani kuwaweka wapagazi wa jeshi, kikosi cha Carrier Corps. Hao ni Waafrika waliobeba chakula na risasi za vita ambayo haikuwa yao, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa maradhi na uchovu. Vita ilipokwisha, banda likawa soko na jina la kikosi likabaki kwa mtaa mzima. Kwa kuwa wakoloni walikuwa wameugawa mji kwa rangi za watu, ng'ambo hii ya Mnazi Mmoja ikawa ya Waafrika, na hapo ndipo walipopata kitoweo chao.

Baada ya Uhuru mji ulifurika na banda likazidiwa. Kazi ya kusanifu soko jipya alipewa Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini, aliyesomea Haifa, Israeli. Angeweza kujenga boksi lenye feni. Badala yake aliinua paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake. Mvua ya masika hukusanywa na paa lenyewe, na upepo hupita chini yake. Kwa mwenye mchicha wa kuuza kabla ya jua kuukausha, hilo si pambo.

Chini ya ardhi likawekwa soko la jumla, ambalo wenyeji huliita Shimoni. Huko ndiko zilikoshushwa nyanya za Iringa, viazi vya Njombe, vitunguu vya Singida na machungwa ya Muheza. Makuli wakipaza sauti kuomba njia, dalali alipatana bei kwa tenga au kwa gunia la lumbesa lililoshonewa kilemba. Juu, kwenye vizimba, mzigo uleule uligawanywa upya, kwanza kwa kisado, kisha kwa fungu: nyanya nne chini na moja juu, ile nzuri ikiwekwa juu. Mama lishe na mwenye hoteli walihudumiwa kwenye jengo moja, kila mmoja kwa kipimo cha mfuko wake.

Jioni ya tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza jengo. Wafanyabiashara wakahamishiwa masoko mengine, na wengi wakapoteza mitaji na wateja wa miaka mingi. Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine jipya ubavuni mwake. Miavuli ya Amuli ilihifadhiwa, na uamuzi huo unastahili pongezi katika jiji linalobomoa upesi majengo yake ya zamani.

Kuhifadhi zege, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Thamani ya ardhi ya Kariakoo imepanda mno, na kila kizimba cha mboga kingeweza kulipa zaidi kikigeuzwa duka la simu. Mwenye fungu la bamia hana ubavu wa kushindana na kodi ya namna hiyo. Asipolindwa kwa makusudi katika ugawaji wa vizimba, paa litasalia na soko litakuwa limehama.