Ule Ukuta Unaokusimamisha Ukikimbia Pwani Una Tarehe

Kila Disemba ni yale yale. Nairobi inashuka na treni, siku mbili baadaye kila mtu anaposti video akikimbia Diani: raba mpya, mchanga mweupe, jua linachomoza, kilomita 5. Poa kabisa, hata mimi naweka laiki. Lakini soma watu wanachoandika hapo chini. Ati Pwani ni ya kupumzika, mbio ziko Iten, huku ni madafu tu. Na lazima atokee msee mmoja wa kusema watu wa Pwani ni wavivu.

Huyo msee sitaki kumjibu kwa maneno. Nataka avae raba anifuate. Nina njia tatu za kumpitisha, zote Mombasa na mashambani karibu yake.

Ya kwanza ni fupi na iko kisiwani. Anza Fort Jesus mapema, jua halijakasirika, ushike barabara mpaka Mama Ngina. Una mkondo wa bahari ambako meli zinapita zikiingia Kilindini, na una mibuyu mizee kuliko nchi yenyewe. Ukifika uwanja wa gofu, simama kidogo. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikimbiwa hapo, mara ya kwanza Kenya kuyaandaa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu ya wanaume miaka 5 mfululizo, 2002 mpaka 2006. Joto lilikuwa limepita nyuzi 30, na unyevu wa Mombasa si unaujua: jasho linatoka lakini halikauki, mwili unakosa pa kulitupa joto. Mzunguko wa mwisho, Bekele akaacha mbio. Aliacha kabisa. Zersenay Tadese wa Eritrea akabeba dhahabu. Upande wa kina mama akashinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa anakimbilia Uholanzi, na kwa vijana wa kiume likatokea jina ambalo wengi walikuwa bado hawajalizoea, Asbel Kiprop.

Sasa, kama hali ya hewa hii ilimshinda bingwa wa mabingwa, kwa nini unashangaa mtu wa hapa akitembea taratibu saa saba mchana? Hiyo pole pole ni hesabu ya joto. Mvuvi ametoka nyumbani saa kumi alfajiri. Wewe umeamka saa tatu, umekunywa chai, umemkuta amekaa chini ya mwembe, ukamuita mvivu. Buda, siku yake ya kazi imeisha.

Njia ya pili inavuka daraja la Nyali. Hili la sasa ni la 1980. Kabla yake kulikuwa na la kuelea lililofunguliwa 1931 (ndiyo, la kuelea, karibu miaka 90 kabla ya lile la Liwatoni ambalo tulilipigia picha sana). Ukishuka upande wa bara unaingia Kengeleni. Makanga wanaita, bodaboda wanakukata kushoto na kulia, na katikati ya kelele hizo zote kuna mnara wa kengele ambao watu wengi wanaupita kila siku bila hata kuuangalia.

Eneo hilo ni Freretown. Wamisheni wa Kianglikana walilianzisha miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwa majahazi ya watumwa. Na kengele, inavyosimuliwa, ilikuwa ya kuwaonya kwamba wafanyabiashara wa watumwa wamerudi. Ikilia, unakimbia. Hapakuwa na saa ya kupima wala medali ya kuvaa shingoni. Jina la stejini unapobadilishia matatu linatoka kwa watu waliokuwa wanakimbia wasiuzwe mara ya pili.

Kutoka hapo ukitaka bahari unakata kulia kuelekea Nyali, na hapa ndipo stori inakuwa chungu. Nyali ilikuwa mashamba ya mkonge kabla ya kuwa mtaa wa majumba na mahoteli. Unakimbia, unakimbia, bahari unaisikia, upepo wake unakupiga usoni, na huioni. Ukuta, geti, ukuta, geti. Ukijaribu kupenya, soja anakuuliza wewe ni mgeni wa chumba gani. Unaendelea tu mpaka Bamburi, kwenye ufuo wa umma tunaouita Pirates, ambako Mombasa nzima imejazana Jumapili kwa sababu penginepo pa kuingilia ni pachache.

Na sheria ya ufuo iko wazi. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Yaani mchanga ni wako. Shida ni kuufikia. Ni kama umepewa nyumba isiyokuwa na mlango.

Ilikuwaje? Wengi watakwambia ni ufisadi wa juzi, na uko, viwanja vya ufuoni viligawiwa watu wenye majina hata baada ya uhuru. Lakini rudi nyuma zaidi. Ukanda wa Pwani wa maili 10 kutoka baharini ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka wa 1895 Waingereza wakaanza kuutawala kwa kumlipa kodi kila mwaka. Mwaka wa 1908 wakaleta sheria ya hatimiliki: anayesema ana ardhi yake kwenye ukanda huu, aje adai rasmi, ithibitishwe, apewe cheti. Ile ambayo haikudaiwa ikawa mali ya Serikali ya Uingereza.

Fikiria sasa wewe ni Mgiriama au Mdigo mwaka huo. Shamba ni la ukoo. Babu yako alilima pale, minazi ni yake, kila jirani anajua. Utajaza jina la nani kwenye karatasi? Waliofaidika zaidi ni waliokuwa wameshazoea hati na ofisi. Wengi wa Mijikenda walilala wakiwa wenyeji, wakaamka wakiwa maskwota, na wajukuu wao mpaka leo wanaitwa hivyo hivyo. Kwa hivyo ule ukuta unaokusimamisha asubuhi ukitafuta picha ya jua haukuota wenyewe. Umejengwa juu ya mistari iliyochorwa kwenye makaratasi, na ya kwanza ilichorwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Njia ya tatu ndiyo naipenda zaidi. Panda matatu mpaka Mazeras, usikimbie barabara kuu ya Nairobi na malori yale, tafadhali. Pale ushike barabara ya Kaloleni, upande vilima vya Rabai. Mapafu yataomba msamaha, lakini upepo ni safi na minazi inashuka bondeni mpaka macho yanachoka.

Vitabu vya shule vinakwambia Rabai ni Krapf na Rebmann. Sawa, Krapf alifika Mombasa 1844, mkewe na mtoto wao mchanga wakafa mwaka huo huo wakazikwa Mkomani, na 1846 yeye na Rebmann wakahamia Rabai. Mwaka wa 1848 Rebmann akatoka hapo kwa miguu, na mwavuli wake mkononi, akauona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Tunaambiwa aliugundua. Lakini aliyeongoza msafara ni Bwana Kheri, ambaye njia tayari alikuwa anaijua, na mizigo ilibebwa na wapagazi ambao hatuwafundishwi hata kwa majina. Mpagazi wa misafara ya enzi hizo alibeba karibu kilo 30 siku nzima, siku baada ya siku. Na wewe chupa yako ya maji inakuchosha.

Misitu utakayoiona vileleni ni kaya za Warabai, ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Usiingie na spika yako ukidhani ni uwanja wa mazoezi. Uliza wazee kwanza.

Barabara hiyo hiyo inaendelea Kaloleni, nchi ya Wagiriama, na hapa ndipo yule msee wa uvivu namsubiri. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza aliwaambia watu wake wasilipe kodi ya nyumba na wasipeleke vijana wao kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Alikamatwa yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni magharibi mwa Kenya, mbali kiasi kwamba serikali ilijua hawawezi kurudi. Januari 1914 wakatoroka. Wakarudi. Kwa miguu, kuvuka nchi nzima, Mekatilili akiwa mama mtu mzima. Agosti mwaka huo Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti na wakawaamuru Wagiriama waondoke kaskazini mwa mto Sabaki. Ni ardhi tena, unaona.

Turudi kwa zile njia za ufuoni. Bado kuna vichochoro, kati ya ukuta mmoja na mwingine, ambavyo wavuvi na watoto wanavitumia kufika majini. Vingine vimejaa takataka makusudi, vingine vimewekwa mlango wa mabati "kwa muda". Ukikimbia, vipite hivyo, na uache programu ya simu ichore ramani yako pale pale, tarehe na saa vikionekana. Watu wa Nyali, Shanzu, Mtwapa, Diani, Kikambala: kwenu ni kichochoro gani kilikuwa wazi mkiwa wadogo na sasa hakipitiki? Niandikieni kilipo na mwaka kilipofungwa.