Merikebu ya Hewani Iliyokuwa Ikija Kwetu

Katika Kiswahili jipu hutumbuka, chungu hupasuka, na baruti hulipuka. Mtoto akipuliza kibofu cha mbuzi na kukizidishia pumzi, hupasuka kwa kishindo, wala hapana aunguaye, maana ndani mlikuwa na pumzi tu. Kulipuka ni jambo jingine. Asili yake ni moto. Tofauti hii nataka kuionyesha kwa habari ya chombo kilichokuwa kikija katika nchi hii.

Mwaka 1917 askari wa Kijerumani chini ya Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck walikuwa wamesukumwa hata kusini, karibu na mto Ruvuma. Dawa na risasi ziliwapungukia, na njia ya bahari ilifungwa na manowari za Waingereza. (Sisi wa Nyamuswa hatukuwa mbali na vita hivyo, mwaka ule ule kikosi chao kimoja kilipigana Ikoma.) Basi wakubwa wa Ujerumani wakaazimia kupeleka msaada kwa njia ya hewani.

Merikebu hiyo iliitwa L 59. Urefu wake ulikuwa mita 226, na ndani yake mlikuwa na mita za ujazo 68,500 za haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko hewa zote. Haidrojeni hupenya kitambaa upesi. Kwa hiyo mifuko yake ilibandikwa utando mwembamba wa utumbo wa ng'ombe. Husemwa kwamba merikebu moja ya namna hiyo ilitaka matumbo ya ng'ombe zaidi ya laki mbili. Sisi tunaohesabu ng'ombe wa mahari mmoja mmoja na tufikiri! Tena haikukusudiwa kurudi. Ikifika ingevunjwa, gamba lake la nje lishonwe mahema, na ngozi ya ujia wake wa ndani iwe viatu.

Tarehe 21 Novemba 1917 ikaondoka Jamboli, katika Bulgaria, yenye watu 22 na mizigo ya tani 15 hivi, mkuu wake Ludwig Bockholt. Ikavuka bahari, ikaingia jangwani, na huko ikapata taabu. Mchana jua liliitanua haidrojeni, ikabidi nyingine itolewe, maana mfuko usio na pa kupumulia hupasuka. Usiku baridi ikaisinyaza iliyobaki, chombo kikalemewa, kikashuka karibu kugonga nchi. Wakatupa vitu vizito, kikapanda tena. Tarehe 23, walipokuwa magharibi ya Khartoum, simu ya upepo ikawafikia: rudini, adui ameshika sehemu kubwa ya nchi ya Makonde. Wako wasimuliao kwamba Waingereza ndio walioighushi, lakini mimi siamini. Amri ilitoka kwa wakubwa wao wenyewe. Wakageuka, na tarehe 25 wakatua Jamboli, baada ya saa 95 hewani na safari ya kilometa zaidi ya 6,700.

Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma, akaingia nchi ya Wareno. Wengine watasema heri haikufika, kwa kuwa risasi zake zingerefusha vita. Lakini vita vilidumu mwaka mzima tena hata hivyo, na wapagazi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Dawa ndizo zilizokosekana, ingawa mpagazi hakuwa wa kwanza kupewa.

Tarehe 7 Aprili 1918 L 59 ilikuwa ikienda kukipiga kisiwa cha Malta. Juu ya mlango wa bahari wa Otranto ikalipuka. Haidrojeni ikichanganyika na hewa tuivutayo, cheche moja yatosha. Watu wote 21 waliokuwamo walikufa, Bockholt mmoja wao, na sababu haikujulikana hata leo. Mfuko uliopasuka hushonwa. Huo haukuwa na kipande cha kushonwa.

Puto zionekanazo leo asubuhi juu ya Serengeti, zikichukua wageni, si za namna ile. Ndani yake mna hewa ya kawaida iliyopashwa moto, na mdomo uko wazi chini, hata hewa izidiyo hujitokea yenyewe.