Bwawa la Olkaria na Mapatano ya Mwaka 1904

Mwezi uliopita niliandamana na wanafunzi wangu hadi Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Baada ya kutwa nzima katika vumbi la Hell's Gate, tulijitosa katika bwawa la maji moto la KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Maji yake ni ya samawati iliyofifia kwa sababu ya silika, na hewa hunuka salfa kama yai viza. Mwili ulistarehe, sikatai. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, hii ni zawadi ya maumbile." Nilimkubalia nusu. Joto ni la volkano, lakini ardhi ile ina historia ya watu.

Chini ya Bonde la Ufa, miamba yenye joto kali huchemsha maji yaliyomo ndani yake. Visima virefu huyatoa pamoja na mvuke. Mvuke huzungusha mitambo, na sehemu ya maji yanayobaki hupozwa na kuelekezwa bwawani. Uchimbaji wa majaribio ulianza mwaka 1956. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981, na miaka mitatu baadaye Hell's Gate ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Hata hivyo, jina la mahali ni kongwe kuliko mitambo. Olkaria ni neno la Kimaa, lenye maana ya udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka.

Mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mapatano na viongozi wa Wamaasai, akiwemo Olonana, ili wahame Bonde la Ufa kupisha walowezi. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine kusini. Waliahidiwa kwamba mapatano yangedumu maadamu Wamaasai wapo. Yalidumu miaka saba. Mwaka 1911 yaliandikwa mengine, na waliokuwa Laikipia wakaswagwa kusini pamoja na mifugo yao. Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani. Mwaka 1913 kesi yao ilitupwa kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya mataifa mawili, hivyo mahakama ya koloni haikuwa na uwezo wa kuyaamua. Walionyang'anywa ardhi kama raia wanyonge walinyimwa haki kwa kuitwa taifa huru!

Karne moja baadaye, upanuzi wa Olkaria ulizihamisha tena familia za Wamaasai. Tusiwe wasahaulifu wa tofauti: mara hii zilijengwa nyumba, shule na zahanati. Lakini mwaka 2014 baadhi ya wakazi walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizokuwa miongoni mwa wafadhili. Upatanishi ulifuata, na mapatano yakatiwa saini mwaka 2016.

Sipingi umeme wa jotoardhi. Hautegemei mvua kama mabwawa yetu ya mito, wala hauhitaji mafuta kutoka ng'ambo. Ninachopinga ni kuliita jambo manufaa ya umma huku wale wanaolipa gharama wakihesabiwa nje ya umma huo. Mwaka 1904 maendeleo yaliitwa reli na mashamba; leo yanaitwa nishati safi. Jina likiwa zuri zaidi, ndivyo tunavyozidi kusahau kuuliza.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma unayeandaa mpango wa kuhamisha watu, usome kwanza faili la kesi ya mwaka 1913. Hakikisha ahadi imeandikwa kwa lugha wanayoielewa, ina hati ya ardhi, na ina mahakama itakayoisikiliza. Nanyi wanafunzi, ogeleeni. Maji ni mazuri. Mkitoka, muulizeni mwenyeji jina la kilima kilicho mbele yenu, na ni nani waliokiita hivyo.